Kimya cha Mapokezini

Kituo cha Maziwa, Njia ya Magamba
Lushoto
4 Machi 2024

Mzee Edward Shemhilu,

Shikamoo. Naitwa Yusra Zahoro, ndiye niliyekalia kiti chako tangu mwezi uliopita. Binti yako Rehema ameniambia simu haikufai tena kwa sababu ya masikio, ila macho yako bado yanasoma hata maandishi ya kwenye paketi ya chumvi. Basi naandika. Bahasha inashuka na basi mpaka Muheza, dukani kwa Saidi, naye ataipandisha Amani na gari la asubuhi.

Mzee wangu, nina furaha mpaka kiti hakinitoshi. Kiwanda kimoja cha Tanga kimekubali kuchukua maziwa yetu yote, kila siku, kwa majaribio ya miezi mitatu. Sharti lao ni moja tu: gari likirudishwa mara mbili na maziwa mabaya, mkataba hakuna. Hapo kaya mia nne na kumi na mbili, kuanzia hapa Magamba hadi Lukozi, zitarudi kuuza maziwa kwenye chupa za soda kando ya barabara. Majaribio yanakwisha tarehe 30 Mei. Naambiwa katika miaka yako kumi na moja hapa halikurudi gari hata moja. Nataka siri yako, na sioni haya kuiomba.

Kwa sababu, unisamehe, ninachokiona hapa si timu. Nilipelekwa semina Morogoro siku tatu, mada ni kujenga timu kazini, nikarudi na daftari limejaa. Nafika hapa, nakuta watu wanafanya kazi kama wageni kwenye msiba. Asubuhi ya kupokea maziwa hakuna anayezungumza na mwenzake. Jofrey wa tangi kasimama na mkono kwenye koki, macho juu. Janeth wa kuandika hainui kichwa kutoka kwenye daftari. Mimi nikipita na "habari za asubuhi" zangu naitikiwa kwa nyusi. Mzee Tobia anafungua keni, anainamisha pua, anasema "Yapite" au "Rudi," basi. Na Rahabu, ambaye kazi yake ni usafi, anasimama ubavuni mwa mzee akifuta mifuniko iliyokwisha kufutwa. Watu wawili kwa kazi ya mtu mmoja.

Nimeshapanga. Kuanzia wiki ijayo kila mtu atajifunza kazi ya mwenzake, wa tangi aje mapokezini, wa mapokezini aende tangini, na wale waliozoeana nitawatenganisha wakazoee wengine. Watazungumza tu, wapende wasipende.

Nishauri, baba.

Mwanao,
Yusra


Amani
12 Machi 2024

Binti yangu Yusra,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nikajichekesha mwenyewe, maana hata sauti yangu siisikii. Mtu mwenye furaha kama yako alikuwa anahitajika pale. Mimi miaka ya mwisho nilikuwa nafungua ofisi huku nahesabu siku za kurudi huku kwenye iliki zangu.

Siri? Sina siri, nilikuwa na watu. Wabadilishe unavyotaka. Jofrey ni mvivu wa kuanza, akishaanza humsimamishi. Janeth mpe maneno ya kutosha, usimpe mengi. Wafundishe mambo yote ya Morogoro.

Ila jambo moja usilifanyie semina. Tobia na Rahabu waache walivyo. Ukiniuliza sababu, si yangu ya kusema. Ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapohapo unapokaa.

Nakutakia mfungo mwema. Najua mmeanza.

Edward Shemhilu


Lushoto
21 Machi 2024

Mzee Edward,

Shikamoo. Swaumu inaendelea, na baridi hii ya Magamba kiu siisikii kabisa, inabaki njaa peke yake.

Baba, ungekuwepo Jumatatu! Nimewageuza wote. Jofrey amefutishwa keni, Janeth amefungua koki ya tangi akamwagikiwa maji ya kuoshea mpaka kiunoni, wakacheka. Wamecheka, Mzee Edward, saa mbili asubuhi, katika kituo kile. Nilijifungia ofisini nikarukaruka.

Sasa lile ulilonikataza. Nilitafakari sana maneno yako, nikasema huyu mzee ana jambo, ngoja nitazame mwenyewe. Nikasimama dirishani siku tatu mfululizo. Nimeona. Rahabu akipokea mfuniko wa keni anaugonga kwa kidole, mara mbili, kidogo tu. Kila akigonga, Mzee Tobia anasema "Rudi." Asipogonga, "Yapite." Keni kumi na nne alizozigonga nimehesabu, hakuna hata moja iliyokosea. Nikaenda kwenye daftari kutazama zilizorudishwa ni za nani. Kumi na moja za Lukozi, na nyingi ni za ukoo mmoja, ukoo alikoolewa Rahabu.

Kumbe ana ugomvi na wakwe zake, anaulipiza kwa mdomo wa mzee wa watu! Na wewe ulijua, ukamstahi. Nakuelewa, ni mambo ya ndoa za watu. Lakini Morogoro walitufundisha usimuaibishe mtumishi, mbadilishie mazingira. Kwa hiyo sikusema neno. Nimempeleka Rahabu Lukozi, kwenye kile kibanda chetu cha kupokelea, akae uso kwa uso na hao wakwe zake mpaka wapatane. Anaanza Jumatatu.

Hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kama yeye anaondoka, Janeth ndiye akae ubavuni mwa Mzee Tobia. Nikamwambia mzee ana uzoefu wa miaka ishirini, hahitaji mtu wa kumshika mkono. Akaitikia, "Sawa, mama," akaenda kuvua aproni.

Najua utafurahi ukizoea wazo.

Yusra


Amani
28 Machi 2024

Yusra,

Sikufurahi. Mrudishe Rahabu leo hiihii, usingoje Pasaka ipite. Kama huwezi kumrudisha, mpe Janeth ile nafasi kama alivyoomba.

Mvua imekata barabara huku, nampa barua hii kijana wa Saidi ashuke nayo kwa miguu mpaka gari lilipo.

Edward


Lushoto
3 Aprili 2024

Mzee Edward,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 28 nimeipata leo. Gari limerudi jana.

Valentino dereva hakupiga simu. Huwa akifikisha maziwa salama analala Tanga na kupanda alfajiri. Jana saa kumi tukaona gari getini. Alishuka akafungua mfuniko wa juu, na harufu ya vitunguu walivyolishwa ng'ombe ikatufikia sote tuliokuwa uwanjani. Tangi zima. Tumeyamwaga yote shimoni, na wanawake walioyakamua asubuhi wamesimama wanatazama.

Niliwakusanya. Nikauliza nani alipokea vitunguu. Kimya. Kile kimya changu ninachokijua, macho chini, na mimi nikapandisha sauti, baba, nakiri, nikawaambia hiki ndicho kinachotuua hapa, hamzungumzi. Ndipo Mzee Tobia akasimama, akavua kofia.

"Mama meneja, ni mimi. Pua yangu imekufa mwaka wa nne sasa. Tangu ile homa. Sinusi maziwa, sinusi moshi, sinusi chochote. Rahabu ndiye alikuwa pua yangu."

Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja, mara ya kwanza tangu nimefika. Harufu inakaa kwenye mfuniko, kwa hiyo Rahabu alikuwa ananusa mfuniko huku anajifanya anafuta. Vipigo viwili, mzee anarudisha. Na wale wengine walikuwa hawazungumzi kwa sababu walikuwa wanasikiliza. Jofrey anasikiliza ili asifungue koki. Janeth anasikiliza ili asiandike. Watu wazima wamebana pumzi kila asubuhi kwa miaka minne wasikose kidole cha mwenzao, na mimi nikiwapita na "habari za asubuhi," nikasema si timu.

Naandika hivi uso unawaka. Sijawahi kuona aibu hivi tangu nizaliwe.

Rahabu amepanda bodaboda kutoka Lukozi leo. Anasema aliisikia harufu. Keni zilikuwa za Mzee Abrahamu, baba mkwe wake mwenyewe, naye hakuweza kumrudishia mbele ya watu. Akazifunga vitambaa vyekundu shingoni, akijua huku Lushoto mtu atauliza. Jofrey, kwa bidii ya usafi niliyomfundisha mimi, akavifungua vitambaa akavifua.

Mzee Tobia ameleta ufunguo wa stoo. Anasema Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho. Hatuna tena gari la kukosea, na zimebaki siku hamsini na nane.

Na wewe ulijua, baba. Ulijua yote ukaniachia nusu. Nimekukasirikia, nisingekuwa mkweli nikikuficha.

Yusra


Amani
11 Aprili 2024

Binti yangu,

Idd njema, hata kama ya mwaka huu ina uchungu.

Kasirika, una haki. Nilikukabidhi funguo zote nikabaki na moja mfukoni. Nilimwahidi Tobia, na nikajiona mtu mwema kwa kutunza ahadi. Sasa naona nilikuwa natunza jina langu, miaka kumi na moja bila gari kurudi. Nisamehe.

Lakini usidhani tulifanya vile kwa kumhurumia mzee. Pua ya Tobia ilipokufa, nilimweka Rahabu pale peke yake, waziwazi. Hakuna pua kama yake milima hii, anakwambia ng'ombe jana alikula nini. Alikaa siku tano. Siku ya tano mzee mmoja wa Lukozi, wa ukoo wa mumewe, alirudishiwa maziwa, akayamwaga miguuni pake na kumuuliza ameolewa na nani. Jioni wakaitisha kikao cha ukoo. Mwanamke aliyeolewa, kumwambia baba mkwe "Rudi" mbele ya foleni! Alipigishwa magoti ya kuomba radhi. Asubuhi akaja kazini akaniambia, baba Edward, kunusa naweza, kusema siwezi.

Na Tobia kunusa hawezi, lakini kusema anaweza. Akisema "Rudi" hakuna anayebisha, amewasimamia nusu yao kwenye ubatizo, akiwashika pale mbele ya madhabahu. Basi tukaunganisha. Hawakuambiwa na semina. Walikaa wenyewe kule nyuma kwenye kuni, Tobia, Rahabu, Janeth na Jofrey, wakapanga nani asikilize nini. Mimi niliitwa kuambiwa tu.

Kosa letu lilikuwa kukificha. Kitu kilichofichwa mgeni anakivunja bila kujua kipo. Usimruhusu Tobia aondoke.

Edward


Lushoto
6 Mei 2024

Mzee Edward,

Shikamoo, na nimekusamehe tangu ukurasa wa kwanza, nilikuwa najizuia tu kukwambia.

Mambo ni moto. Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Tobia mara tatu. Mara ya kwanza alijifungia zizini. Mara ya pili akanipa mahindi ya kuchoma na kuzungumza mvua. Ya tatu akasema atarudi, lakini hakai tena kwenye kiti cha uongo. Wafugaji waambiwe wote. Nikamwambia, mzee, wakijua huna pua si watakukatalia? Akasema, "Bora wanikatalie mimi kuliko wewe kukataliwa Tanga."

Basi tumeita mkutano Jumamosi. Kabla ya mkutano nilikaa na watumishi, mara hii mimi ndiye niliyenyamaza. Nikawauliza wanionyeshe wanavyofanya kazi. Wamenionyesha mpaka adhuhuri, wananikosoa, Janeth huyohuyo asiyeinua kichwa ananiambia mama simama pale, hapana, pale. Daftari la Morogoro nimeliweka kando. Maneno yake si mabaya, ila nilipaswa kulifungua baada ya kuuliza.

Mkutanoni Mzee Tobia alisema yote kwa Kishambaa, sikuambulia kitu, nikawa nasoma nyuso. Kisha mama mmoja, Efrazia wa Magamba, akauliza, "Kwa hiyo miaka minne umenirudishia maziwa kwa pua ya Rahabu?" Mzee akasema ndiyo. "Na kweli yalikuwa yananuka?" Rahabu akajibu kutoka nyuma kwamba yalikuwa yananuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mama akafikiri, akasema ni kweli, yalikuwa yananuka. Watu wakaangua kicheko mpaka mabati yakalia.

Hakucheka mmoja. Mzee Abrahamu alisimama akasema kumbe mke wa mwanawe amekuwa akimkataa miaka minne kwa kujificha nyuma ya mgongo wa mtu. Akasema gari la mwisho la majaribio ataleta keni yake mwenyewe kwa mkono wake, aone kama atamkataa usoni. Akatoka.

Rahabu hajalala vizuri tangu siku ile. Nimemwambia siku hiyo anaweza kukaa nyumbani. Anaendelea kuosha keni. Akipitisha maziwa mabaya kwa heshima, mkataba umekwenda. Akiyakataa, hajui atalala nyumba gani.

Yusra


Lushoto
31 Mei 2024

Edward mwenzangu,

Onga mahundo, nakusalimu kwa Kishambaa chetu. Mama meneja amesema safari hii niandike mimi, yeye akianza analia na karatasi inalowa. Mimi barua ya mwisho niliandika wakati naposa, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Wewe huna masikio, mimi sina pua. Wakitushona pamoja wanapata mzee mmoja mzima na kipande cha kubaki.

Jana ilikuwa siku ya gulio na siku ya gari la mwisho. Alfajiri Rahabu alikuwa wa kwanza getini. Tangu ule mkutano hatugongi tena vifuniko. Yeye ananusa waziwazi, ananiambia, mimi nasema. Watu wamezoea, wengine wanatutania. Lakini jana foleni haikutania mtu. Mzee Abrahamu akashuka kwenye bodaboda amevaa koti la kanisani, keni mapajani, akaja mpaka mbele.

Mama meneja akataka kutoka ofisini aje kusimama nasi. Jofrey akamfanyia ishara, abaki. Mimi nikafungua mdomo niwahi kusema, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Rahabu akanishika mkono. Akapiga goti, akampa baba mkwe wake shikamoo, akapewa marahaba. Akainuka, akafungua keni mwenyewe, akanusa. Mwenzangu, miaka minne nimejifariji kwamba pua si kitu. Dakika ile niliitamani pua yangu nusura nilie.

"Baba," akasema, "yana vitunguu. Rudi nayo."

Alisema polepole, lakini wote tulisikia. Mzee Abrahamu akafunga keni yake, akaibeba, akaenda zake gulioni. Rahabu akavuta keni iliyofuata, na Janeth akaacha daftari akaja kumshikia mifuniko. Hakuna aliyemwagiza.

Gari likaondoka saa mbili. Unajua, likikataliwa linarudi saa kumi, likipokelewa linalala Tanga. Valentino simu alizima, anasema simu inamtia kiwewe. Tukaosha tangi, tukafagia uwanja, tukafagia tena. Saa tisa tukasikia mngurumo kwenye kona, mama meneja akakaa chini palepale kwenye saruji. Lilikuwa lori la kabichi.

Saa kumi geti likagongwa. Mzee Abrahamu, anatoka gulioni, keni tupu mkononi. Rahabu akasimama kama mtu anayesubiri hukumu, mimi nikasimama karibu yake.

"Gari limerudi?" mzee akauliza.

Rahabu akamwambia bado. Mzee akakaa kwenye benchi letu, akaomba chai. Jofrey akampa kikombe chake mwenyewe. Tukakaa sote tunatazama barabara, hakuna aliyesema neno, na safari hii mama meneja hakulalamika. Saa kumi na nusu ikapita. Saa kumi na moja ukungu ukashuka mpaka getini, bado barabara ni tupu.

Mzee Abrahamu akaweka kikombe chini. Akasema, "Halirudi hilo." Kisha akamgeukia mke wa mwanawe.

"Yale nimewamwagia nguruwe wa watu. Ng'ombe nimemtoa kwenye vitunguu, kesho nakuja tena. Uyanuse kwanza, shikamoo baadaye."

Mama meneja alikuwa ameshaanza kulia. Rahabu aliitikia kwa sauti ambayo hata wewe ungeisikia.

Mzee akaondoka na keni yake. Leo asubuhi ameileta, Rahabu akainusa, na mimi nikasema yapite.

Wako,
Tobia Mntangi